Sitara ya Sauti

Tunapoitaja sitara ya nyumba, fikra zetu hukimbilia macho. Twanunua mapazia mazito, twapandisha ukuta wa roshani, twageuza mlango usitazamane na mlango wa jirani, na mgeni akibisha hodi twamsubirisha kidogo ili walio ndani wajistiri. Yote hayo ni mema, na ni malezi tuliyoyarithi. Lakini jicho lina kope, sikio halina. Mtu aweza kuinamisha uso asitazame kisichomhusu. Hawezi kuyainamisha masikio. Nyumba inayositiri miili ya watu na kuyafichua maneno yao imesitiri nusu tu, na huenda nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito zaidi, kwani mengi katika mambo ya ndani ya watu hayaonekani. Husemwa.

Sisi tuliyatambua haya baada ya kuhama. Aila yetu ilikaa miaka mingi katika nyumba ya mawe huko Mji wa Kale, Mombasa. Ilikuwa nyumba ya warithi wengi, na ilipofika siku ya kugawa, kila mmoja alichukua fungu lake kwa wema, nasi tukaenda kupanga fleti katika ghorofa ya pili ya jengo moja upande wa Tudor. Fleti yenyewe ilipendeza: vigae vinavyong'ara, madirisha mapana ya vioo, dari ya jipsamu yenye taa zilizofichwa. Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba hapo awali ilikuwa fleti moja kubwa. Mwenye nyumba aliikata mapande mawili apate kodi mbili, na kilichotutenga na majirani, sebuleni na katika chumba kimoja cha kulala, kilikuwa ni ukuta wa mbao za jipsamu uliopakwa rangi ukafanana na kuta nyingine zote.

Wiki ya kwanza jirani alipiga chafya, nasi tukamuombea rehema kutoka upande wetu, tukacheka. Wiki ya tatu hatukucheka tena. Usiku mmoja tulimsikia mume akimueleza mkewe kwamba kazi yake imesimama na kodi ya mwezi haionekani itatoka wapi, kisha tukasikia kilio cha mke, kilio cha mtu aliyejifunika mto usoni. Hatukuegemea ukuta kusikiliza. Tulikuwa vitandani mwetu, taa zimezimwa. Tuliwasha feni kwa kasi ya mwisho ili mvumo wake uyafunike maneno yale, tukalala kwa taabu. Dini yetu imetukataza kupelelezana; ukuta ule ulitufanya wapelelezi bila ya kukusudia.

Kisha ikaja zamu yetu. Asubuhi moja tulikutana na mke wa jirani ngazini, bibie mpole wa umri wa binti yetu mkubwa. Baada ya salamu akatupa pongezi kwa moyo mkunjufu kwa posa ya binti yetu. Posa ile ilikuwa haijatangazwa. Ilizungumzwa usiku mmoja tu, sebuleni kwetu, na jibu lilikuwa bado halijatolewa. Alipoziona nyuso zetu alielewa, akaiinamisha yake, akajitanda vyema mtandio wake na kuteremka. Tangu siku ile pande zote mbili zilijua kwamba hakuna siri. Wahenga wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Katika jengo lile, mtungi wetu ulikuwa na kata mbili.

Aliyeumia zaidi ni bibi yetu. Masikio yake yamepungua nguvu kwa umri, na mtu akitaka kuzungumza naye hana budi kupaza sauti. Nyumba nzima ilipoanza kunong'ona, yeye ndiye aliyetengwa. Habari ya posa hakuambiwa, kwa kuwa kumwambia yeye kulikuwa sawa na kulitangazia jengo. Ugonjwa wa ndugu yake kule Lamu aliujua baada ya siku nne. Aliketi pembeni akitutazama midomo, na jioni moja akauliza ni kosa gani alilotutenda hata tukawa hatusemi naye. Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili si la kuvumiliwa. Mzee asiyezungumzishwa hunyauka, na kwetu aliyemnyamazisha alikuwa ni ukuta.

Tuliwauliza wanaojua. Tunaye kijana katika ukoo wetu anayesomea uhandisi wa majengo, akaja na fundi mmoja wa makamo. Walitufunza kuhusu sauti mambo ambayo kila mwenye kujenga au kupanga nyumba yafaa ayajue, nasi twayaeleza hapa kwa namna tulivyoyafahamu.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi pamoja ni kama 60. Kipimo hiki hakiendi kama vile vya dukani, ambapo kilo mbili ni mara mbili ya kilo moja. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu ya sauti yenyewe huzidi mara kumi, na sikio la mwanadamu huihisi kama imekuwa maradufu. Kwa hivyo tofauti ya desibeli 10 baina ya ukuta mmoja na mwingine, ambayo katika karatasi ni namba ndogo, katika maisha ni kubwa. Ukuta unaozuia desibeli 30 hupitisha mazungumzo ya kawaida yakaeleweka neno kwa neno. Unaozuia 40 hupitisha mvumo wa watu wanaosema, lakini maneno hayashikiki. Unaozuia 50 hata sauti ya juu husikika kwa shida. Baina ya 30 na 50 ndiko iliko sitara ya watu.

Ni nini basi kinachouzuilia ukuta sauti? Cha kwanza ni uzito. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na ili ipite lazima iutikise ukuta. Kitu kizito hakitikisiki upesi. Ukiuongeza uzito wa ukuta mara mbili, wazuia takriban desibeli 5 au 6 zaidi. Cha pili ni kuzibwa. Sauti hupita kwenye mwanya kama maji yanavyopita kwenye ufa wa birika. Ukuta mzuri wa kuzuia desibeli 50, ukiwa na uwazi wa sehemu moja tu katika mia ya eneo lake, hauzuii zaidi ya 20 au karibu na hapo. Hili lilitushangaza kuliko yote. Twajua sote kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya sauti, hata ukuta ukijengwa, ufa usipozibwa ni kama haukujengwa.

Hapo tukaielewa nyumba tuliyoihama. Kuta za nyumba zetu za kale, Mombasa na Lamu, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na hakuna mbao za jipsamu zinazoweza kushindana nazo kwa uzito. Dari ni ya boriti za mikandaa, na juu ya boriti mawe na chokaa iliyopigwa ikashikana. Tena mpangilio wenyewe ulikuwa ni sitara. Mgeni wa kiume alikomea barazani au kwenye daka. Kutoka hapo kuna tekani, ndipo ufike kiwandani, kisha msana, kisha ndani, na kila hatua ina ukuta wake na pembe yake. Sauti iliyotoka ndani ilipaswa kupinda mara kadhaa kabla ya kufika njiani, na kila ilipopinda ilipungua. Hata zidaka zile tulizopambia vyungu na vyombo vya kauri ziliusaidia mwangwi usigonge ukuta laini na kurudi mzima, bali uvunjike na kutawanyika.

Wala hatusemi nyumba za kale zilikuwa kimya kama kaburi. Vichochoro ni vyembamba, na mazungumzo ya chini ya wikio humfikia aliyelala juu yake. Wenzetu waliokulia katika nyumba za makuti, ambazo viambaza vyake havikufika paani, walisikilizana chumba hadi chumba. Lakini wao walikuwa na adabu ya maneno iliyochukua nafasi ya ukuta: jambo zito lilisemwa kwa mafumbo, la siri likapelekwa shamba likasemewe huko, na akina mama walikuwa na leso zilizosema pasipo kupaza sauti. Taabu ya leo ni kwamba tumeuacha ukuta mnene, na ile adabu ya mafumbo nayo tumeiacha.

Jambo la sauti za majirani si geni katika fikihi ya majengo. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis katika karne ya 14 ambaye makadhi walimtegemea kwa ujuzi wake, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi. Humo yamezungumzwa madhara ambayo mtu aweza kumfikishia jirani akiwa ndani ya mipaka yake mwenyewe: moshi, harufu, mtikisiko. Katika mashitaka ya mtu aliyedai kwamba kinu cha kusagia cha jirani chaitikisa nyumba yake, imeelezwa njia ya kupima ambayo mama yeyote wa jikoni ataifahamu. Karatasi hufungwa nyuzi katika pembe zake nne, ikatundikwa katika nyumba ya mlalamikaji, na juu yake zikawekwa mbegu kavu za giligilani. Kisha kinu huzungushwa. Mbegu zikitikisika, mwenye kinu huzuiwa. Zikitulia, mlalamikaji huambiwa hana haki. Takriban miaka mia saba iliyopita, pasipo umeme wala mashine, walikwisha kujua kwamba madhara ya sauti na mtikisiko yahitaji kipimo ili haki isimamishwe, na kwamba kuta za mtu hazimpi ruhusa ya kumdhuru wa pili.

Hapa kwetu Kenya vipimo vipo. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitikisiko, ambazo husimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zimeweka kwamba kelele ndani ya nyumba za makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili. Katika mahali pa ibada kiwango ni 40 mchana na 35 usiku. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilikwenda mbali zaidi, likapendekeza desibeli 30 katika chumba cha kulala ili usingizi usiharibike.

Kanuni hizi ni ngao kwa anayesumbuliwa na kilabu cha usiku, jenereta, au karakana ya vyuma. Lakini tulipozisoma kwa kutafuta dawa yetu tuliona kwamba humtazama mwenye kupiga kelele, nasi hatukuwa na wa kumshitaki. Jirani hakupiga kelele. Alizungumza na mkewe nyumbani mwake, na hiyo ni haki yake. Aibu ilikuwa ni ya ukuta. Nchi nyingine zimeutungia sheria ukuta wenyewe. Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, kanuni za ujenzi zataka ukuta na sakafu baina ya makao mapya mawili zizuie si chini ya desibeli 45. Njia mojawapo ya kulithibitisha hilo ni kuweka kipaza sauti upande mmoja na kupima kinachofika upande wa pili kabla ya watu kuhamia. Mwenye kujenga hulazimika kuyafikiri masikio ya watu angali anachora ramani, wakati ambapo dawa ni rahisi. Baada ya vigae na rangi, dawa hiyo hiyo hugharimu maradufu.

Basi tulianza na jirani kabla ya kumuendea mwenye nyumba. Mama alimbishia hodi mke wa jirani na sahani ya mahamri, wakaketi. Hakumwambia tulichokisikia, wala yule hakutaja alichokisikia kwetu. Mama alisema tu, "Mwanangu, ukuta huu ni mwembamba, na sisi tuna mzee asiyesikia vizuri. Twaogopa twawaudhi." Yule bibie akajibu, "Mama, hata sisi twahofia hivyo hivyo," na macho yakamlenga machozi. Kilichobaki kilikuwa ni cha mafundi.

Mwenye nyumba alianza kwa kusema kwamba nyumba za siku hizi zote ziko hivyo. Aila mbili zilipomuendea pamoja, kwa upole na kwa maelezo ya fundi mkononi, alikubali vifaa vikatwe katika kodi kwa miezi mitatu, na sisi na jirani tukagawana ujira wa mafundi.

Fundi alipofungua vipande viwili vya dari tukaiona siri yote. Ukuta ule ulikomea kwenye dari ya jipsamu. Juu yake, mpaka sakafu ya zege ya ghorofa ya tatu, palikuwa na uwazi wa urefu wa dhiraa moja uliotoka kwetu hadi kwa jirani bila ya kizuizi chochote. Maneno yalipanda, yakavuka, yakashuka upande wa pili. Tena visanduku vya soketi za umeme vilikuwa vimewekwa mgongo kwa mgongo, kimoja kwetu na kimoja kwao, na baina yake hapakuwa na kitu. Na ndani ya ukuta, baina ya ubao na ubao, palikuwa patupu kama ngoma.

Kazi ilichukua siku tano. Ukuta uliinuliwa mpaka ukagusa zege, na kingo zake zote zikazibwa kwa gundi laini isiyopasuka ikikauka. Utupu wa ndani ulijazwa sufi ya mawe, ambayo hutengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa na haishiki moto upesi. Kila upande uliongezwa ubao wa pili, na maungio ya ubao wa juu hayakuwekwa juu ya maungio ya ule wa chini. Soketi za upande mmoja zilihamishwa. Tundu la bomba chini ya sinki, ambalo hakuna aliyewahi kuliangalia, likajazwa saruji. Jioni ya siku ya tano binti yetu alisimama sebuleni akasoma gazeti kwa sauti ya darasani, na mke wa jirani akasikiliza kwake. Aliposogea mlangoni alisema, "Najua kuna mtu anasema. Asemacho sikijui." Hiyo ndiyo sitara. Usiku ule bibi aliambiwa habari ya posa kwa sauti iliyomfaa, akauliza maswali yake yote, ukoo wa kijana, mama yake, tabia yake, na zamu hii aliyelala akichelewa ni yeye.

Yafaa tutahadharishe juu ya dawa zisizofaa, kwa kuwa nasi tulishauriwa nyingi. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani hazizuii sauti ya jirani; ni nyepesi, na chepesi hakizuii. Mapazia mazito na mazulia ya ukutani nayo hayazuii, ijapokuwa yana kazi nyingine njema, nayo ni kumeza mwangwi wa ndani ya chumba chenyewe. Kuzuia sauti isivuke ni jambo moja, na kuimeza isirudi ni jambo jingine, na wengi hupoteza fedha kwa kuyachanganya mawili haya.

Kumeza mwangwi kuna kisa kizuri. Mwaka 1895 mwalimu mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, jina lake Wallace Sabine, aliombwa autengeneze ukumbi wa mihadhara ambao mwalimu akisema humo hakueleweka. Neno moja lilidumu hewani sekunde tano na nusu, na kabla halijafa, mengine kumi yalikuwa yamekwisha kusemwa juu yake. Sabine aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa karibu, akawa akifanya kazi usiku mji ulipotulia, akiongeza mito michache michache na kupima mwangwi wadumu muda gani. Kwa mito ile aligundua kanuni ambayo wahandisi waitumia hadi leo: mwangwi hurefuka kwa ukubwa wa chumba, na hufupika kwa wingi wa vitu laini vilivyomo, na miili ya watu ni miongoni mwa vitu hivyo. Ndiyo maana msikiti uliojaa siku ya Ijumaa husikika vizuri kuliko ukiwa mtupu.

Kisa hiki kilitufaa. Binti yetu husomesha watoto wadogo madrasa, katika darasa la vigae, vioo na zege tupu, na kila siku alirudi amekauka koo. Mtoto anayejifunza kutofautisha sini na swadi, ha nyepesi na ha nzito, hutegemea sehemu ndogo sana ya sauti ambayo mwangwi huifuta. Watoto wasiposikia vizuri hupaza sauti, mwalimu naye hupaza yake, na darasa zima hugeuka soko. Mwongozo ule wa mwaka 1999 ulitaja kwamba darasani mwangwi udumu kama sekunde 0.6, na kelele ya nyuma isizidi desibeli 35. Wazazi walichangia majamvi ya kutandika, mapazia mazito upande wa vioo, na mbao laini zilizofunikwa kitambaa kwenye ukuta wa nyuma. Hakukuwa na kipimo cha kitaalamu, lakini sasa mwalimu husomesha kwa sauti yake ya kawaida, na wanaokosea herufi hujulikana ni nani.

Imebaki sauti ya tatu, nayo ndiyo ngumu: ya kishindo. Viti vikiburutwa ghorofa ya juu, mchi ukitwanga kinuni, mtoto akiruka, mtikisiko huingia moja kwa moja katika zege na kuteremka kwa aliye chini. Ukuta mzito hausaidii hapa, wala dari mpya haisaidii sana, kwa kuwa dawa ya kishindo ni kukizuia pale kinapoanzia. Zulia lililo juu ya sakafu ya jirani lina faida kwetu kuliko chochote tutakachokiweka chini yake. Maana yake ni kwamba dawa imo nyumbani mwa mtu asiyeumwa. Hatuwezi kuinunua wenyewe. Twaweza kuiomba tu. Aila ya ghorofa ya tatu tuliipelekea vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye kandambili kuukuu, vya kubandika chini ya miguu ya viti, pamoja na bakuli la biriani. Walivibandika. Kinu chao sasa huwekwa juu ya gunia lililokunjwa, na hakitwangwi baada ya Isha. Nasi tulijitazama kwa upande wetu, tukatandika zulia sebuleni kwa ajili ya walio chini yetu, ambao hawakuwahi kulalamika.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu, na hasa akina mama ambao aghalabu ndio wakaao nyumbani muda mrefu zaidi. Kabla ya kupanga nyumba, gongeni kuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma, ulizeni. Ombeni kujua kama ukuta umefika kwenye zege au umekomea kwenye dari. Tazameni chini ya milango, kwenye soketi, na pale mabomba yanapopenya. Mwende nyumbani hapo jioni watu wanaporudi, maana mchana jengo lote huwa kimya. Anayejenga amuulize mchoraji wake swali moja, kwamba vyumba vya kulala vya nyumba mbili vimetazamana na nini, kwani kabati la nguo au ngazi baina yake ni sitara isiyogharimu kitu ikifikiriwa mapema. Wenye kukodisha nao wakumbuke kwamba anayelipa kodi hanunui sakafu na paa peke yake, hununua pia faragha ya aila yake.

Luqman alipomuusia mwanawe alimtaka aishushe sauti yake, na wasia huo watosha kwa kila mmoja wetu anapofunga mlango wake. Lakini kuna wazee wasiosikia, watoto wachanga wasiojua saa, wagonjwa wanaougua usiku, na wanandoa wenye yao ya kuyasema. Hawa hawawezi kunong'ona maisha yao yote, wala haifai watakiwe hivyo. Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa makao ya utulivu, atupe majirani wanaositiriana, na atuwezeshe kujenga kuta ambazo hazitatusuta mbele yao wala mbele Yake. Amin.